Mbegu ya Mwanzi na Umri wa Watu

Aghalabu historia huandikwa juu ya watu: wafalme na vita vyao, wasafiri na njia zao, mikataba na siku ilipotiwa sahihi. Walakini yako mambo mengi yasiyo na kinywa ambayo nayo yana historia, na historia hiyo ina faida kubwa kwa mtu aisomaye. Mto una historia, udongo una historia, na msitu una historia. Katika insha hii tutaeleza habari za mmea mmoja tu, yaani mwanzi wa milimani, uotao katika nchi za juu kandokando ya Bonde la Ufa, karibu na Nakuru. Tumeuchagua kwa sababu maisha yake ni marefu kuliko muda wa kazi wa mtu, na majira yake ya kuzaa ni mafupi mno. Vizazi kadhaa vya watu vimeukata, vimeulinda, vimeuuza na kuupanda, na walio wengi katika watu hao hawakupata kuyaona maua yake.

Jiji la Nakuru limekaa kwenye kimo cha mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, baina ya mlima Menengai na Ziwa Nakuru. Mtu asimamaye hapo akitazama magharibi na kusini-magharibi huona ukuta wa Mau. Akigeuka mashariki huona miinuko ya Bahati, na mbali zaidi iko safu ya Nyandarua, ambayo Joseph Thomson aliipa jina la Aberdare katika safari yake ya mwaka 1883 na 1884. Katika milima hiyo mimea hupangana kama ngazi. Chini huwa mitarakwa na mizeituni ya mwitu. Juu zaidi baridi huongezeka, ukungu hutanda, na kuanzia kiasi cha mita 2,400 mpaka kupita mita 3,000 huwa ni makao ya mwanzi. Huko hufika kimo cha mita 15 na zaidi pahali penye udongo wa kina, na mahali pengine husongamana hata miti mingine ikakosa nafasi ya kuota.

Wakikuyu huuita mmea huu murangi, na Wakalenjin huuita tegat. Katika vitabu vya elimu ya mimea uliandikwa kwa mara ya kwanza na Mjerumani Karl Schumann mwaka 1895, naye akauita Arundinaria alpina. Baadaye jina lilibadilishwa mara kadhaa kadiri mabingwa walivyozidi kuufahamu ukoo wake, na mwaka 2013 ukaitwa Oldeania alpina. Jina hilo limetokana na mlima Oldeani, ulio karibu na Ngorongoro katika Tanzania. Na jina la mlima wenyewe limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mwanzi. Basi baada ya miaka zaidi ya 100 mabingwa walirudi kwenye neno walilokuwa nalo wenyeji tangu zamani.

Mwanzi si mti, ijapokuwa twautumia kama mti. Ni nyasi, ndugu wa ngano, mpunga, mtama na muwa. Asili ya maisha yake imo chini ya ardhi. Huko hutambaa shina gumu lenye vifundo, na wakati wa mvua vifundo hivyo hutoa machipukizi yaliyochongoka. Chipukizi hutoka na unene wake wote. Halinenepi tena baadaye, bali hurefuka kwa kasi, na kwa miezi michache tu huwa limefikia kimo chake. Kisha hukomaa pole pole, hukauka na kuanguka. Kwa kawaida shina moja la juu haliishi miaka 20. Lakini shina la chini linaendelea kutoa mengine mwaka baada ya mwaka, na hivyo mmea mmoja waweza kuishi miongo mingi, huku mashina yake yakipokezana kama walinzi wa zamu. Mtu akiuliza umri wa mwanzi, hana budi kueleza kwanza kama anauliza umri wa shina alionalo au umri wa mmea asiouona.

Sasa tufike kwenye jambo kubwa zaidi. Ngano huchanua kila mwaka, na mwembe huzaa kila majira yake. Mwanzi hauna desturi hiyo. Hukaa miongo ya miaka bila ua hata moja, ukijieneza kwa shina lake la chini tu. Kisha, katika mwaka mmoja au miwili, mashina ya eneo zima huchanua kwa pamoja, hutoa mbegu, na kufa. Mwanzi wa milimani wa Afrika Mashariki kwa kawaida huchanua kwa mafungu: msitu wa upande huu wa bonde huweza kuchanua na kukauka, ilhali ule wa upande wa pili ukabaki kijani kibichi. Mtu apitaye katika fungu lililokwisha kuchanua huona mashina ya rangi ya majivu, majani yamepukutika, na jua limefika mahali ambapo halikufika kwa muda mrefu. Asiyejua habari hii husema kwamba msitu umepatwa na ugonjwa, au kwamba umekwisha.

Msitu haukwisha. Chini ya mashina yale yaliyokufa ziko punje ndogo nyembamba, zilizofanana na punje za nyasi za kawaida, na humo ndimo ulimo msitu ujao. Lakini urithi huo ni dhaifu kwa njia mbili. Kwanza, punje nyingi huwa makapi matupu, hazina kitu ndani. Pili, zile zilizo nzima hazina subira. Ziko mbegu za mimea mingine ziwezazo kulala udongoni miaka mingi zikingoja. Mbegu za mianzi, kwa jumla, hazina usingizi mrefu wa namna hiyo. Zikipata unyevu na joto la kadiri huota katika majuma machache. Zisipopata, na zikiachwa katika joto na hewa yenye unyevu, uhai wake hupungua mwezi kwa mwezi, na aghalabu hauzidi mwaka mmoja. Fikiri basi: mmea uliongoja miongo kadhaa ili uzae, huwapa watoto wake miezi michache tu ya kuokoka.

Kwa nini mmea ungoje hivyo? Mwaka 1976 Mmarekani Daniel Janzen alieleza sababu ambayo mabingwa wengi wameikubali. Mbegu za mwanzi ni chakula kizuri cha panya, ndege na nguruwe. Kama mwanzi mmoja mmoja ungechanua kwa wakati wake, wanyama wangezila mbegu zote. Lakini mianzi yote ya mahali pamoja ikizaa mara moja, mbegu huwa nyingi kuliko matumbo yote ya msituni, na zile zisizoliwa huota. Miaka mirefu iliyo katikati huwanyima wanyama nafasi ya kuizoea karamu hiyo. Ni werevu usio na akili, lakini umeuwezesha ukoo wa mianzi kudumu.

Werevu huo wa mimea umewahi kuwaletea watu msiba, na msiba huo una mafunzo kwetu. Katika kaskazini-mashariki ya Bara Hindi iko nchi ya milima iitwayo Mizoram, ambako aina moja ya mwanzi huchanua kila baada ya miaka 48 hivi. Katika lugha ya wenyeji mwanzi huitwa mau, jina ambalo kwa bahati tu limelingana na la milima yetu, na mwaka wa kufa kwa mianzi huitwa mautam. Mianzi ikizaa, panya hula wakazaana kupita kiasi. Mbegu zikiisha, panya hao huvamia mpunga mashambani na ghalani, na njaa huingia. Ilikuwa hivyo mwaka 1911 na 1912. Wazee walioikumbuka njaa hiyo walionya kwamba ya pili ingekuja kabla ya mwaka 1960, na viongozi wa wilaya wakaomba msaada mapema. Serikali ya jimbo la Assam iliona kwamba maneno hayo ni ushirikina. Mwaka 1959 mianzi ilichanua, panya wakaja, na njaa ikaja. Chama kilichoundwa kuwasaidia wenye njaa kikageuka kuwa chama cha siasa, na mwaka 1966 kikaanzisha vita vya kudai uhuru, ambavyo havikumalizika kwa mapatano mpaka mwaka 1986. Mianzi ilipochanua tena mwaka 2007, serikali ilikuwa imejiandaa, hata ikawalipa watu fedha kwa kila mkia wa panya.

Tofauti iliyokuwapo kati ya mwaka 1959 na mwaka 2007 ilitokana na kumbukumbu, kwa maana mianzi na panya walikuwa ni wale wale. Mara ya kwanza kumbukumbu ilikuwa katika vichwa vya wazee, na wenye mamlaka hawakuisadiki. Mara ya pili ilikuwa imeandikwa. Huko Japani nako iko aina ya mwanzi ambayo muda wake hufika miaka 120 hivi. Ilichanua katika miaka ya 1840, kisha katika miaka ya 1960, na mara hiyo ya pili mianzi ya ukoo huo iliyokuwa imepelekwa Uingereza na Marekani ilichanua vile vile, ijapokuwa ilikuwa mbali na nchi yake. Hapana mtu aliyeyaona maua yote mawili akiwa na akili timamu ya utu uzima. Ni daftari peke yake lililoweza kuunganisha miaka hiyo miwili.

Na turudi sasa katika Bonde la Ufa, tuone ni daftari gani tulilo nalo sisi. Kabla ya kuja kwa serikali ya kikoloni, mwanzi ulikuwa mali ya wale walioishi karibu nao. Waogiek wa Mau, warina asali hodari, waliujua msitu wote kwa daraja zake. Wakikuyu na Wakalenjin walikata mianzi kwa paa na kuta za nyumba, kwa ghala za nafaka na kwa nyua. Kazi hizo zilihitaji mashina yaliyokomaa, na mashina machanga yaliachwa yaendelee. Ukataji wa namna hii hauuui mmea, kwa kuwa shina la chini hubaki zima.

Mambo yalibadilika kwa haraka. Reli kutoka Mombasa ilifika Nakuru mwaka 1900, ikapanda ukuta wa Mau, na mwishoni mwa mwaka 1901 ikafika Kisumu kwenye ukingo wa Ziwa Victoria. Magari ya moshi yalikula kuni, na walowezi waliofuata reli walitaka mbao na mashamba. Idara ya Misitu iliundwa mwaka 1902. Kuanzia mwaka 1910 ulitumika mpango wa shamba, ambao kwa huo wakulima waliruhusiwa kulima chakula kwa muda katika sehemu ya msitu iliyofyekwa, huku wakiitunza miche ya serikali mpaka ikue. Miche hiyo ilikuwa zaidi ya miti ya kigeni, kama vile miberoshi na misonobari, ambayo hukua upesi na kutoa mbao zilizonyooka. Sehemu nyingine za mianzi zilifyekwa ili kuipisha miti hiyo.

Hatuwezi kusema kwamba wakubwa wa misitu wa zamani hizo hawakuujali mwanzi kabisa. Mwaka 1945, S. H. Wimbush, aliyekuwa afisa wa Idara ya Misitu ya Kenya, alichapisha makala juu ya mwanzi wa milimani wa Afrika katika jarida la misitu la Dola ya Kiingereza, na hata leo watafiti hurejea makala yake. Lakini afisa wa misitu hufanya kazi miaka michache katika wilaya moja, kisha huhamishwa. Mtu aliyefika Mau au Nyandarua baada ya fungu fulani kuchanua, akaondoka kabla ya fungu la pili, aliuona mwanzi kama mmea usiozaa. Na aliyefika katika mwaka wa maua aliuona kama mmea uliokufa. Wote wawili waliona kweli, lakini kila mmoja aliona nusu yake.

Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ilitangaza hali ya hatari, na misitu ya Nyandarua ikawa uwanja wa vita. Wapiganaji wa Mau Mau, wakiongozwa na Dedan Kimathi na wenzake, walijificha katika ukanda wa mianzi, na ndege za kivita zikaangusha mabomu juu ya misitu hiyo. Kimathi alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, akanyongwa tarehe 18 Februari 1957. Mashina yaliyowafunika wapiganaji hao yamekwisha kuoza zamani. Lakini huenda mimea iliyoyatoa mashina hayo ingali hai mahali pengine mpaka leo, ikitoa machipukizi kila mvua, wala haijachanua. Huo ndio urefu wa maisha tunaouzungumzia.

Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, na uangalizi wa misitu ukawa mikononi mwa wananchi wenyewe. Katika miaka ya 1980 serikali ilikataza ukataji wa mianzi katika misitu yake, kwa kuwa uvunaji ulikuwa umepita kiasi. Katazo hilo liliwazuia wakataji, walakini halikuizuia ardhi yenyewe isigawanywe. Mwaka 2001 serikali iliondoa hekta 35,301 katika hifadhi ya Mau Mashariki, ili watu wapewe makao na mashamba. Katika Mau Mashariki ndiko zinakoanzia njia za maji ya Mto Njoro, Makalia na Nderit, ambayo yote huelekea Ziwa Nakuru. Mto Njoro, ambao zamani ulitiririka mwaka mzima, umezoea kukauka sehemu zake wakati wa kiangazi. Sababu zake ni nyingi, kwani watu wameongezeka na maji yachotwayo ni mengi. Lakini kufyekwa kwa msitu ni mojawapo. Mwaka 2008 serikali iliunda jopo la kuchunguza mambo ya Mau, na mwishoni mwa mwaka 2009 familia nyingi zikaondolewa msituni, jambo lililoleta uchungu na mabishano makubwa. Nao Waogiek walipeleka madai yao katika Mahakama ya Afrika huko Arusha, na hukumu ya tarehe 26 Mei 2017 ikatambua haki yao juu ya ardhi ya wazee wao.

Tazama jinsi mambo hayo yote, tangu reli mpaka hukumu ya Arusha, yanavyoingia katika muda usiozidi sana vipindi viwili au vitatu vya maisha ya mwanzi. Kwa hesabu ya watu, hizo ni serikali kadhaa, sheria nyingi na vizazi vinne au vitano. Kwa hesabu ya mwanzi, ni maua mara mbili au tatu. Fungu likichanua na kukauka, kisha katika miezi ile ile likalimwa, likachomwa moto au likalishwa ng'ombe, hasara haipimwi kwa mavuno ya mwaka mmoja. Miche ya mwanzi hapo mwanzoni hufanana na nyasi za kawaida, na huhitaji miaka kadhaa ya kujenga shina lake la chini kabla ya kutoa mashina manene. Ng'ombe mmoja mwenye njaa huweza kula asubuhi moja kile ambacho msitu ulikiandaa kwa miongo ya miaka, na mchungaji wake asijue kwamba limetendeka jambo lolote.

Siku hizi habari ya mwanzi imefufuka. Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya, iliyoundwa mwaka 1986 na yenye makao yake Muguga, imejaribu aina kadhaa za mianzi ya Asia pamoja na ile ya kwetu, na mwaka 2020 serikali iliutangaza mwanzi kuwa zao la biashara. Wakulima wanaupanda kando ya mito na katika mashamba yao, na vitalu vinauza miche. Hili ni jambo jema. Walakini hapo ndipo elimu ya mbegu inapokuwa ya lazima. Kwa kuwa mbegu ni adimu, miche mingi hupatikana kwa kukata vipande vya shina au kugawanya shina la chini, kama wafanyavyo tangu zamani wenzetu wa Iringa wapandao mwanzi wa ulanzi. Njia hii ni rahisi na ya hakika, lakini ina siri ndani yake. Kipandikizi si mtoto wa mwanzi. Ni mwanzi ule ule uliohamishwa. Huendelea kuhesabu miaka ya mama yake. Mama akibakiza miaka 10 kabla ya kuchanua, kipandikizi nacho kimebakiza miaka 10 au karibu na hiyo, hata kama mkulima alikinunua jana na kukiona kichanga. Ndiyo maana mianzi ya Kijapani ilichanua ugenini kwa wakati wa kwao.

Mche uliotoka katika mbegu ndio unaoanza hesabu mpya. Pia miche ya mbegu haifanani yote. Mmoja huvumilia baridi, mwingine ukame, na hivyo shamba halipatwi na balaa moja kwa wakati mmoja. Kwa hiyo nchi itakayo kupanda mianzi kwa ajili ya wajukuu haina budi kuzipata mbegu katika mwaka wa maua na kuzihifadhi vema. Namna ya kuzihifadhi si fumbo. Mbegu zilizokomaa hukusanywa mara zinapoanguka, hupepetwa ili makapi yatoke, hukaushwa kivulini kwa kadiri, kisha hutiwa katika chombo kisichoingiza hewa na kuwekwa mahali pa baridi ya nyuzi chache tu juu ya sifuri. Kwa njia hiyo uhai wake hurefuka zaidi ya ule wa mbegu zilizoachwa ghalani katika joto.

Na namna ya kuzipima yaweza kufanywa na mwanafunzi yeyote. Huhesabu punje 100, huzitandaza juu ya kitambaa chenye unyevu, huzifunika zisikauke, na kila siku huandika ni ngapi zilizotoa kijimzizi. Zikiota 60, huijua nguvu ya mbegu zake. Zikiota 5, hujua kwamba amechelewa au amekusanya makapi. Jaribio hilo likirudiwa kila mwezi kwa mbegu za mkusanyo mmoja, litamwonyesha kwa macho yake jinsi uhai unavyopungua, na kwa nini haraka ni wajibu. Punje zilizo nzima hupandwa kijuujuu katika udongo laini wa kitalu, mahali penye kivuli, na huwekwa katika unyevu wa daima bila kufurikishwa maji.

Wazee walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo ilitungwa kwa ajili ya wafanyabiashara, lakini yaufaa msitu pia. Mwanzi wa Mau na wa Nyandarua ni mali ambayo hesabu yake haiwezi kukaa kichwani mwa mtu mmoja, kwa kuwa mtu huyo hatakuwapo wakati wa kuifunga. Shule zilizo karibu na misitu hiyo, kuanzia Molo na Njoro mpaka Bahati na Kinangop, zinaweza kuwa na daftari la mwanzi: mahali palipochanua, mwezi na mwaka, upana wa fungu, siku mbegu zilipoanguka, na idadi ya punje zilizoota katika kila 100. Kazi hiyo haihitaji chombo cha thamani wala ruhusa ya kukata hata shina moja. Yahitaji macho, kalamu, na mwalimu wa kumkabidhi mwenzake daftari anapohamishwa. Kijana wa miaka 16 aandikaye leo ukurasa wa kwanza huenda asiuone mwisho wa hesabu hiyo. Lakini atakayeuona atajua la kufanya katika ile miezi michache ambayo mbegu zingali hai.